Kamati za Kudumu za Halmashauri: Zina Mamlaka Gani na Zinaishia Wapi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi anayehudhuria mkutano wa Baraza la Madiwani kwa mara ya kwanza huweza kushangazwa na jambo moja. Hoja nzito, kama vile mgawanyo wa fedha za kukamilisha zahanati au mapendekezo ya viwango vipya vya ushuru wa soko, husomwa, huungwa mkono na kupitishwa kwa muda mfupi. Ni rahisi kwake kuondoka akiamini kuwa madiwani hawakujadili chochote. Mara nyingi si hivyo. Sehemu kubwa ya mjadala huwa imekwisha kufanyika siku au wiki kadhaa kabla, katika vikao ambavyo mwananchi huyo hakuvisikia wala kuviona: vikao vya kamati za kudumu.

Kamati hizo ndizo jiko la uamuzi wa halmashauri. Taarifa za wataalamu huchambuliwa humo, miradi hupimwa humo na mapendekezo ya sera za eneo husika huundwa humo kabla ya kufikishwa mbele ya Baraza. Kwa sababu hiyo, mwananchi anayesubiri siku ya Baraza ili hoja yake isikike huwa amechelewa. Ni muhimu basi kufahamu kamati hizo ni zipi, sheria inazipa mamlaka gani, na ni mambo gani ambayo haziruhusiwi kuyaamua.

Makala haya yanaeleza utaratibu unaotumika Tanzania Bara, yenye halmashauri 184 za majiji, manispaa, miji na wilaya. Zanzibar ina mfumo wake wa Serikali za Mitaa unaoongozwa na sheria zake.

Msingi wa kisheria

Chimbuko la mamlaka ya halmashauri ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 145 inaelekeza kuwepo kwa vyombo vya Serikali za Mitaa, na Ibara ya 146 inaeleza kuwa madhumuni ya vyombo hivyo ni kupeleka madaraka kwa wananchi, ili washiriki na kushirikisha wengine katika mipango na shughuli za maendeleo katika maeneo yao.

Maelekezo hayo yanatekelezwa kupitia sheria kuu tatu za mwaka 1982. Ya kwanza ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Ya pili ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Na ya tatu ni Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Pamoja na sheria hizo, kila halmashauri ina Kanuni za Kudumu zinazoongoza mwenendo wa mikutano yake, ikiwemo namna kamati zinavyoundwa, zinavyoitishwa na zinavyowasilisha taarifa zake.

Sheria hizo zina historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1972 mamlaka za Serikali za Mitaa zilivunjwa na shughuli zake zikawekwa chini ya utaratibu uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Huduma za mijini zilipozorota, Serikali ilianza kurejesha mamlaka za miji mwaka 1978. Baada ya sheria za mwaka 1982 kutungwa, halmashauri zilirejea rasmi kote nchini mwaka 1984. Fundisho lililopatikana ni kwamba huduma inayomgusa mwananchi kila siku huhitaji chombo kilicho karibu naye, kinachoweza kuulizwa na kujibu.

Kamati zenyewe

Sheria inaitaka halmashauri ya wilaya kuwa na kamati za kudumu tatu. Kamati ya Fedha, Utawala na Mipango hushughulikia mapato na matumizi, bajeti, mali za halmashauri na masuala ya kiutawala. Kamati ya Elimu, Afya na Maji husimamia huduma za jamii. Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira huangalia kilimo, mifugo, biashara, miundombinu, matumizi ya ardhi na hifadhi ya mazingira.

Katika majiji, manispaa na miji, mgawanyo huo unafanana na huu ingawa majina yanatofautiana. Zipo kamati ya Fedha na Utawala, kamati ya Uchumi, Afya na Elimu, pamoja na kamati ya Mipangomiji na Mazingira, kwa kuwa masuala ya viwanja, ujenzi na usafi wa mji huhitaji uangalizi wa pekee. Aidha, halmashauri huwa na Kamati ya Maadili inayoshughulikia mwenendo wa madiwani, na Kamati ya Kudhibiti UKIMWI.

Wajumbe wa kamati hizi ni madiwani. Hao ni pamoja na madiwani waliochaguliwa katika kata, madiwani wanawake wa viti maalum na wabunge ambao kwa mujibu wa sheria ni wajumbe wa Baraza. Kamati ya Fedha huongozwa na Mwenyekiti wa Halmashauri, au Meya kwa majiji na manispaa. Wakuu wa idara na vitengo huhudhuria vikao ili kuwasilisha taarifa na kutoa ushauri wa kitaalamu, lakini hawapigi kura. Mkurugenzi wa Halmashauri ndiye katibu wa Baraza na ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha kuwa kumbukumbu za vikao zinaandikwa na kutunzwa.

Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi, ilhali kamati nyingine kwa kawaida hukutana kila robo mwaka, kabla ya mkutano wa kawaida wa Baraza. Tofauti hiyo ina sababu yake. Fedha huingia na kutoka kila siku, na msemo wa wahenga kwamba mali bila daftari huisha bila habari unaihusu halmashauri kama unavyomhusu mfanyabiashara wa dukani. Taarifa ya mapato na matumizi inapojadiliwa kila mwezi, kasoro huonekana mapema, kabla fedha hazijapotelea mbali.

Kazi ya kamati ni ipi?

Kwa muhtasari, kamati ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuchambua. Kila taarifa au pendekezo linaloandaliwa na wataalamu hupitishwa kwanza katika kamati inayohusika, ambako wajumbe huhoji takwimu, gharama na manufaa yake. Ya pili ni kufuatilia. Kamati hupokea taarifa za utekelezaji za kila robo mwaka na hufanya ziara za kukagua miradi ili kulinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa. Ya tatu ni kupendekeza. Baada ya uchambuzi na ukaguzi, kamati huandaa mapendekezo ambayo hufikishwa mbele ya Baraza kwa uamuzi.

Neno "kupendekeza" linabeba uzito mkubwa. Baraza linaweza kulikubali pendekezo la kamati, kulirekebisha, kulikataa au kulirudisha kamatini ili lichambuliwe upya. Kwa upande mwingine, Baraza linaweza kuikasimu kamati baadhi ya majukumu yake ili kuharakisha kazi. Kamati inapotekeza jukumu ililokasimiwa, hufanya hivyo kwa niaba ya Baraza, na inapaswa kutoa taarifa ya ilichokifanya.

Vilevile, kamati hufanya kazi ndani ya sera za kitaifa. Halmashauri haitungi sera ya elimu au ya afya kwa taifa zima. Kazi yake ni kuamua namna sera hizo zitakavyotekelezwa katika eneo lake: ni kata ipi ianze kupata shule ya sekondari, ni soko lipi likarabatiwe, eneo lipi litengwe kwa malisho na lipi kwa kilimo. Hizo ndizo sera za halmashauri kwa maana halisi, na athari zake kwa kaya moja moja huweza kuwa kubwa kuliko za tamko lolote la kitaifa.

Safari ya ombi moja

Utaratibu huu hueleweka vizuri zaidi kwa mfano. Chukua kijiji ambacho wananchi wake wamechangishana fedha na nguvu kazi, wakasimamisha boma la zahanati hadi usawa wa lenta, kisha uwezo wao ukaishia hapo. Wanahitaji fedha za halmashauri kwa ajili ya kuezeka na kumalizia.

Hatua ya kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano ukikubaliana kuwa zahanati ndiyo kipaumbele, Halmashauri ya Kijiji huandika ombi hilo katika mpango wake na kuliambatanisha na muhtasari wa mkutano. Ombi hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Hapo hulinganishwa na maombi ya vijiji vingine, kwa kuwa fedha haziwezi kutosheleza mahitaji yote kwa mwaka mmoja.

Likivuka ngazi ya kata, ombi hufika kwa wataalamu wa halmashauri. Mhandisi hukadiria gharama, Mganga Mkuu hueleza mahitaji ya huduma, na wataalamu wa mipango hulipima ndani ya ukomo wa bajeti. Timu ya Menejimenti ya Halmashauri huunganisha maombi yote na kuandaa rasimu.

Baada ya hapo ndipo Kamati ya Elimu, Afya na Maji hukutana na rasimu hiyo, na maswali ya wajumbe huweza kubadili hatima ya boma. Je, kijiji cha jirani kina zahanati, na iko umbali gani? Jengo likikamilika, watumishi watatoka wapi? Kuna maji karibu? Ramani iliyotumika inakubalika? Diwani aliyekwisha kupata majibu ya maswali hayo kutoka kwa wananchi wake huitetea hoja kwa hoja. Diwani asiye na majibu hubaki kusema kwamba wananchi wake wana shida, na kila diwani aliye katika chumba hicho anaweza kusema maneno hayohayo kuhusu kata yake.

Ombi likipita, huenda katika Kamati ya Fedha, Utawala na Mipango. Swali la huko ni moja: fedha zitatoka katika chanzo gani? Kamati hiyo hutazama mapato ya ndani yanayotarajiwa, ruzuku kutoka Serikali Kuu na miradi iliyokwisha kuanza. Mwisho kabisa, bajeti nzima hufika mbele ya Baraza.

Jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu ni kalenda ya safari hiyo. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inataka Baraza lipitishe makisio ya mapato na matumizi katika mkutano ulioitishwa mahsusi kwa kazi hiyo, si chini ya miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Kwa kuwa makisio hayo hulazimika kuunganishwa katika bajeti ya Serikali inayojadiliwa na Bunge kuanzia Aprili, halmashauri kwa kawaida huyakamilisha mapema zaidi, katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Ombi linalofika halmashauri mwezi Machi, hata likiwa na haki kiasi gani, hukuta hesabu zimefungwa. Boma husubiri mwaka mwingine, mvua ikilinyeshea.

Yasiyoweza kukasimiwa

Sheria imeweka ukuta kati ya mamlaka ya kamati na mamlaka ya Baraza zima. Yapo mambo ambayo Baraza haliwezi kuiachia kamati iyaamue, hata kama kamati hiyo inaongozwa na Mwenyekiti wa Halmashauri mwenyewe. Hayo ni pamoja na kupitisha mpango na bajeti ya mwaka, kutunga sheria ndogo, kutoza kodi na ushuru, na kukopa fedha.

Sababu ya ukuta huo ni nyepesi kueleweka. Kila kata ina mwakilishi katika Baraza, lakini si kila kata ina mwakilishi katika kila kamati. Kama kamati ya wajumbe wachache ingeweza kuamua kiwango cha ushuru, wananchi wa kata nyingine wangetozwa kwa uamuzi ambao mwakilishi wao hakuushiriki.

Sheria ndogo ni mfano mzuri. Halmashauri ikikusudia kubadili viwango vya ushuru wa soko au ada ya taka, wataalamu huandaa rasimu na kamati husika huichambua. Wananchi hutangaziwa kusudio hilo ili watoe maoni na pingamizi, kisha Baraza hujadili na kupitisha. Hata hapo safari haijaisha. Sheria ndogo hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa kwa idhini, na hupata nguvu baada ya kuchapishwa katika Gazeti la Serikali.

Kwa hiyo, mfanyabiashara anayeelezwa kuwa ushuru umepanda "kwa sababu kamati imeamua" ana haki ya kuuliza sheria ndogo iliyoweka kiwango hicho. Maazimio ya kamati peke yake hayawezi kuwa msingi wa kumtoza mwananchi fedha.

Diwani, mtaalamu na mipaka yao

Mpaka mwingine uko kati ya kusimamia na kutekeleza. Madiwani, kupitia kamati na Baraza, huweka vipaumbele, hupitisha bajeti na kuhoji utekelezaji. Mkurugenzi na watumishi walio chini yake hutekeleza. Mkurugenzi ndiye Afisa Masuuli, yaani mtu anayewajibika binafsi kwa matumizi ya fedha za halmashauri, na malipo yoyote yanayofanyika kinyume cha sheria huulizwa yeye.

Kutokana na mgawanyo huo, diwani mmoja mmoja hana mamlaka ya kumwagiza mhasibu alipe, kumhamisha mwalimu au kumpa mkandarasi kazi. Mamlaka ya madiwani ni ya pamoja na hutumika ndani ya vikao halali. Ununuzi hufanyika kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma, na zabuni hushughulikiwa na Bodi ya Zabuni ambayo madiwani si wajumbe wake. Kamati inaweza kuhoji kwa nini jengo limechelewa au limejengwa chini ya kiwango. Haiwezi kuchagua nani alijenge.

Vilevile, diwani mwenye maslahi binafsi katika jambo linalojadiliwa, kwa mfano mkataba unaohusu kampuni yake au ya mwenzi wake, anatakiwa kuyatamka maslahi hayo na kutoshiriki katika mjadala na kura. Sharti hilo linahusu vikao vya kamati kama linavyohusu mikutano ya Baraza.

Upo pia mpaka uliotokana na mabadiliko ya kitaasisi ambao wananchi wengi bado hawajauzoea. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zilizokuwa chini ya halmashauri zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Tangu mwaka 2019 huduma ya maji vijijini inasimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA. Neno "maji" limebaki katika jina la kamati, na barabara bado ni hoja ya kila kikao, lakini fedha na utekelezaji viko kwa wakala hizo. Kamati inaweza kupokea taarifa zao, kuwasilisha vipaumbele vya wananchi na kuhoji ucheleweshaji. Mwananchi anayefuatilia daraja au kisima anashauriwa kupeleka hoja yake kote kuwili: kwa diwani wake na kwa ofisi ya wakala husika katika wilaya.

Fedha, ukaguzi na mikopo ya asilimia 10

Kipimo cha kamati imara ni namna inavyosimamia fedha. Hesabu za kila halmashauri hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, na taarifa zake huwasilishwa bungeni, ambako Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huzichambua. Halmashauri nazo huitisha mikutano maalum ya Baraza kwa ajili ya kujadili hoja za ukaguzi na majibu yake.

Katika jambo hili, wananchi wanapaswa kuwa makini na lugha ya ukaguzi. Halmashauri inapopata "hati inayoridhisha", maana yake ni kwamba taarifa zake za fedha zimeandaliwa kwa usahihi kwa kuzingatia viwango vya uhasibu vinavyotakiwa. Hati hiyo haimaanishi kuwa kila mradi umekamilika au kwamba hakuna hoja yoyote iliyoibuliwa. Hoja zilizobaki ndizo hasa zinazopaswa kurudi katika Kamati ya Fedha, mwezi baada ya mwezi, hadi zifungwe.

Eneo moja linaloonesha umuhimu wa usimamizi huo ni mikopo ya asilimia 10. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kurekebisha utaratibu, baada ya ukaguzi kubaini mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Tukio hilo liliwagusa hata wanavikundi waliokuwa wakirejesha kwa uaminifu, kwa kuwa nao walilazimika kusubiri. Linaonesha kwamba taarifa ya robo mwaka inayopokelewa kamatini bila maswali si jambo dogo la kiofisi. Orodha ya vikundi ikihojiwa mapema, majina yasiyo na watu hugundulika kabla fedha hazijatoka. Isipohojiwa, gharama yake huja kulipwa na mama lishe au fundi cherehani ambaye hakukosa lolote.

Mwananchi anaingilia wapi?

Mikutano ya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi na vyombo vya habari, isipokuwa pale Baraza linapoamua kujigeuza kamati ili kujadili jambo linalohitaji usiri, kama vile nidhamu ya mtumishi. Vikao vya kamati za kudumu, kwa upande wake, kwa kawaida si vya hadhara. Hata hivyo, kutokuwepo chumbani si sawa na kutokuwa na sauti. Zipo njia ambazo mwananchi anaweza kuzitumia.

Kwanza, ahudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji au mkutano wa mtaa wake na kuhakikisha kuwa hoja imeingizwa katika muhtasari. Hoja isiyoandikwa haina miguu ya kuifikisha kamatini. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na humo husomwa taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji.

Pili, amuulize diwani wake mambo mawili: yuko katika kamati ipi, na kamati hiyo inakutana lini. Kama diwani wa kata hayumo katika kamati inayohusika na hoja, anaweza kuipeleka kwa mwenyekiti wa kamati hiyo, au kuisimamia itakapofika katika Baraza.

Tatu, apeleke hoja ikiwa na vielelezo. Idadi ya wanafunzi wanaoketi katika darasa moja, umbali anaotembea mjamzito kufika kituo cha afya, kiasi cha fedha na tofali zilizochangwa na wananchi: mambo hayo humpa diwani nguvu ambayo malalamiko ya jumla hayawezi kumpa.

Nne, azingatie msimu. Kwa hoja inayohitaji fedha, mikutano ya vijiji na kata inayofanyika kati ya Julai na Desemba ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuingia katika bajeti ya mwaka unaofuata. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Tano, afuatilie mrejesho. Halmashauri hubandika taarifa za mapato, matumizi na miradi katika mbao za matangazo za ofisi zake, za kata na za vijiji, na nyingi huziweka pia katika tovuti zao. Pale taarifa inapokosekana, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiomba kwa maandishi, na inaweka siku 30 kama muda ambao ofisi inapaswa kumjibu.

Wajibu wa pande zote

Mfumo wa kamati haufanyi kazi wenyewe. Unamhitaji mtaalamu anayewasilisha taarifa iliyo kamili na kwa wakati, ili diwani apate nafasi ya kuisoma kabla ya kikao. Unamhitaji diwani anayesoma, anayeuliza na anayerudi katika kata yake kueleza kilichoamuliwa na sababu yake, hata pale jibu linapokuwa "si mwaka huu". Unamhitaji pia mwananchi anayejua kuwa kabla jina la kijiji chake halijasomwa katika Baraza, lilipaswa kwanza kuandikwa katika muhtasari, kutetewa katika kata na kuhojiwa kamatini.

Katiba, katika Ibara ya 8, inaeleza kuwa wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itapata madaraka na mamlaka yake kutoka kwa wananchi. Katika ngazi ya halmashauri, maneno hayo hupata uhai katika jambo la kawaida kabisa: hoja iliyoandikwa vizuri, ikafikishwa kwa kamati sahihi, mapema kabla bajeti haijafungwa.